Kijiko Juu ya Ukuta

Mimi nikifunga sionji chakula. Maalimu amenieleza mara nyingi kwamba kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu saumu, nami humwitikia, "Naam, maalimu," kisha sionji. Marehemu mama hakuonja, basi nami sionji. Hapa Likoni tumepakana ukuta na nyumba ya masista wa Kikatoliki, na kwa miaka thelathini na moja aliyenionjea ni Sista Margret.

Yeye ni binti wa mzee Ziro wa Kaloleni, aliletwa kufundisha watoto wa chekechea. Ramadhani yake ya kwanza hapa alinisikia nikigombana na sufuria peke yangu, akachungulia. "Mama Faiz, kwani kuna nini?" Nikamwambia sijui kama mchuzi umekolea. Akanyoosha mkono. "Lete hapa, mimi sijafunga."

Tangu siku hiyo, kila alasiri ya mfungo nilimpitishia kijiko juu ya ukuta. Hufumba macho, akalamba, akanihukumu bila huruma. "Chumvi bado." "Ndimu imezidi, wataka kutuua?" Wallahi hakuwahi kukosea. Watu walisifu mapishi yangu, nami nikajifanya sisikii, maana nusu ya sifa ilikuwa ya jirani.

Siku zile masista walikuwa saba. Jioni waliimba mpaka nikazijua nyimbo zao, nikijikuta nazivumisha jikoni nasema astaghafirullahi, kisha naendelea. Uani kwao watoto walijaa, kelele tupu. Leo masista ni watatu na chekechea imefungwa. Hata zile kelele nazitamani.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Sista Mweri, msichana mdogo ambaye sasa ndiye mkuu wa nyumba yao, alinijia uso umemshuka.

"Bi Zuleikha, Baba Askofu yuwaja Alhamisi."

"Si heri hiyo?"

"Yuwaja kumwangalia Sista Margret. Akiona hajiwezi tena, atapelekwa nyumba ya wazee, bara. Mama Mkuu wa shirika letu amesema atafuata neno lake."

Lahaula! Bara, kwenye baridi, mtu aliyezeekea Likoni! Nilijua kwamba siku hizi aniuliza jambo moja mara tatu. Siku moja aliniita kwa jina la mama yangu, nikaitika. Sikumwambia mtu. "Mapishi niachie mimi," nikasema. Nilitaka askofu ale, ashibe, alainike, kisha nimwombe mwenyewe atuachie Sista wetu.

Alhamisi nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Saa tano nikapitisha kijiko. Sista akalamba.

"Chumvi bado."

Nikatia, nikampa tena.

"Bado, Mama Faiz."

Ebo! Moyo ulinambia, Zuleikha, simama hapo. Mkono ukatia. Ulimi niliouamini miaka yote hiyo, ningeuvunjia heshima siku ya wageni?

Mezani kwa masista nilisimama karibu na mlango. Askofu akala kidogo, akanywa maji. Akala tena, akamaliza gilasi nzima. Sista Mweri akainamisha kichwa. Sista Margret peke yake alikuwa akila kwa raha zake.

Nikaingia. "Baba Askofu, niwie radhi. Kosa ni langu. Nimefunga, na hakuna aliyenionjea."

Mungu anisamehe, nilisema uongo na saumu yangu mdomoni.

Sista Margret akaweka kijiko chini. "Mimi nimeonja," akasema. "Mimi humwonjea kila mwaka." Akatutazama mmoja mmoja. "Chumvi imezidi, ee?"

Askofu akavuta sahani yake, akala samaki wote, akamshukuru aliyepika na aliyeonja. Nilimpenda kwa hilo, wallahi. Lakini alipoondoka, Sista Mweri alinambia kwamba safari ya Sista Margret ni Jumamosi, treni ya asubuhi kutoka Miritini. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikalia.

Ijumaa alasiri nilipika mbaazi za nazi. Sikuwa nimetia chumvi hata chembe, maana desturi yetu ni aonje kwanza, kisha anipimie. Nikapitisha kijiko. Akafumba macho kama zamani, akakaa nacho kinywani muda mrefu.

"Leo zimekolea sawasawa, Mama Faiz. Usiongeze kitu."

"Haya, Sista," nikasema. "Siongezi."

Adhana ya magharibi ikalia, tukafungua kwa tende, nikapakua mbaazi. Mwanangu Faiz, mtu mzima mwenye watoto wake, akatia tonge mdomoni, akaniangalia, akanyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi. Nikakichukua nikakiweka nyuma yangu.

"Sista amesema zimekolea," nikamwambia.

Tukazila hivyo hivyo mpaka zikaisha.