Nilidhani nina mbio, kumbe ni mteremko wa Biryogo

Habari za kutwa wakuu. Nasoma nyuzi zenu kimya kimya kitambo, leo mikono inawasha, acha niandike. Sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Biryogo, Kigali. Polio ilichukua miguu yangu nikiwa mdogo. Cherehani yangu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, ndiyo maana mabega yalikuwa ya mbeba magunia. Tatizo langu ni kutulia. Suruali ikifika nusu nataka kutoka.

Mwaka 1990 fundi wa kuchomelea alinitengenezea kiti cha mbio kwa mabomba na rimu za baiskeli. Kizito kama kabati, lakini changu.

Mazoezi yalikuwa hivi: nashuka mteremko kama kichaa, watu wanarukia mitaroni, halafu dada yangu Zuhura ananisukuma kunirudisha juu. Mara sita kwa siku. Mtaa ukaniita Ndege, na mimi nikavimba kichwa.

1991 ukaja mchujo wa mbio za viti. Nafasi moja tu ya kwenda kushindana nje ya nchi, na niliitaka kuliko kitu chochote. Mita mia, uwanja tambarare.

Filimbi ikalia. Wakuu, nilikaa nikingoja kiti kianze kwenda! Nikaachwa na jamaa mwenye kiti cha hospitali.

Zuhura hakunibembeleza. Akasema, "Ariko (lakini) wewe huna mbio. Mlima ndiyo iko na mbio, wewe unakaa tu."

Nilimnunia siku mbili. Ya tatu nikamwambia nitapanda mlima mwenyewe, asiniguse.

Siku ya kwanza niliishia kwenye bucha, hata nusu sikufika. Viganja vikachubuka, nikajishonea glavu kwa ngozi ya koti kuukuu. Vita vilikuwa vimeshaanza, vizuizi kila mahali, askari wananiuliza nakimbilia wapi. Hata mimi sikujua, nilijua tu siwezi kukaa ndani.

Zuhura alinifuata nyuma kila siku, mikono ameinyoosha, kiti kisije kikarudi. Hakunigusa hata mara moja. Miaka miwili.

1993, mchujo wa pili, nikashinda. Nilipogeuka, dada alikuwa pembeni ya uwanja, mikono bado ameinyoosha. Tulicheka mpaka tukalia. Safari ikapangwa mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata ni 1994. Zuhura aliuawa Aprili. Niliahidi ukweli, sikuahidi kuusema wote. Safari haikuwepo, kiti sikukiona tena.

Sasa niko Batsinda, hapa hapa Kigali, nafundisha mabinti watatu mbio za viti. Somo langu ni moja: fanya mazoezi pale ambapo hakuna kinachokusaidia, ila hakikisha nyuma yako kuna mtu.

Wenye maswali karibuni, wa kejeli pia nimewazoea.

Hadi leo, mtu akishika kiti changu mlimani bila kuniuliza, nakasirika sana. Lakini kwanza nageuka haraka kuangalia ni nani.