Kichwa cha Sangara Kilikuwa cha Baba

Cheka tu, maana hata mimi nacheka: nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mtu akila samaki asiye na miiba anasahau njia ya kwao. Wala sikuamini kidogo. Niliamini kuliko nilivyoamini kwamba mbili na mbili ni nne, na hiyo mbili na mbili nayo ilinisumbua mpaka ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, ndipo tukaelewana.

Habari hiyo ilitoka kwa jirani yetu wa Rwamgasa, muuza vitumbua, mwanamke aliyeweza kukusimulia ndoto yako kabla hujaiota. Miiba, alisema, inakwaruza koo, na mkwaruzo huo ndio unaomkumbusha mtu alikotoka. Ushahidi alikuwa nao. "Waangalieni Wazungu wa migodini," alituambia huku akigeuza vitumbua vyake. "Minofu mitupu asubuhi na jioni. Mmeona anayerudi kwao?" Kweli, hatukuwa tumemwona.

Nimeyakumbuka hayo wiki hii kwa sababu ya chupa. Niliingia duka moja Geita mjini kununua sabuni, jicho likatua kwenye sosi ya soya, nyeusi kama oili chafu ya trekta. Nikainunua, sabuni nikaiacha hukohuko. Nikapita sokoni nikachukua mnofu wa sangara, mweupe, mnene kama godoro la mgeni. Sasa uko mezani, nimeshaufuta maji, na mimi nimesimama jikoni kwangu, mtu mzima mwenye kitambi, naogopa kuwasha jiko.

Wa kwanza kunipikia chakula hicho alikuwa baba. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya watafiti wa madini, upande wa Bulyanhulu, na humo kulikuwa na Mjapani mmoja wa mambo ya miamba aliyemfundisha kupika samaki kwa siagi. Baba akaja likizo na ndoo ya barafu, anatembea kama waziri anayekwenda kukata utepe. Mama yangu alikwishafariki. Nililelewa na bibi, mama yake baba, na nyumba nzima ilikuwa sisi wawili na kuku mmoja mwenye hasira.

Bibi aliifunua ile ndoo, akatazama, akafunika. Akafunua tena.

"Mwanangu, kichwa kiko wapi?"

"Wamekikata hukohuko, mama. Hii ni minofu. Haina kichwa, haina mwiba."

"Sasa wewe utakula nini?"

Hapo lazima nikueleze. Kwetu, kichwa cha samaki kilikuwa cha mwenye nyumba. Hakigawanywi, hakiombwi, na mtoto hakigusi hata kwa bahati mbaya. Sangara akiiva, kichwa kinatolewa kwanza, kinawekwa kwenye bakuli lenye mfuniko, ndipo wengine tunapata vipande vyetu. Ukiona nyumba kichwa kimekosa mlaji, ujue haina mwenyewe. Na huyu hapa mwenyewe, kaleta kwa mkono wake samaki asiye na kichwa.

Baba akacheka, akapika. Aliifuta minofu kwa kitambaa mpaka ikakauka, akaipaka chumvi na unga kidogo wa ngano, akailaza kwenye kikaango cha moto. "Usimguseguse," aliniambia, maana nilikuwa nimeshika mwiko kama mtu anayesubiri nyoka. "Mjapani anasema samaki anageuzwa mara moja tu. Mwache ajipike." Ilipopata rangi ya ganda la mkate, akaiepua, akatupia siagi kwenye kikaango kilekile. Siagi ikapiga povu. Kikafuata kitunguu saumu, tangawizi, kisha ile sosi nyeusi, chwaaa! Mwishoni ndimu. Harufu ile, ndugu yangu! Nakuapia, makarasha ya Rwamgasa, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu zisizonyamaza hata padri akihubiri, siku ile yalinyamaza yote. Wachimbaji walipanda kutoka mashimoni bila kamba.

Mimi nilikula mpaka nikalamba kikaango. Bibi alichovya ugali kwenye ule mchuzi, akatikisa kichwa: "Huu una akili." Lakini mnofu wenyewe hakuugusa. Baba alikula kuliko sisi wote.

Alipoondoka aliniachia ile chupa, sosi imebaki kidogo chini. Alisema siku chache tu atarudi na mabati, na atausimamisha upya ukuta wa upande wa jikoni, uliokuwa umeanza kuinama. Bibi akauegemeza kwa gogo, ukisubiri hizo siku chache.

Siku chache zikawa kiangazi, kiangazi kikala masika. Gogo lilianza kuliwa na mchwa. Jirani akapita na beseni lake kichwani. "Si nilisema?" Hapo nikajua. Baba kala minofu hukohuko kambini, kala tena kwetu, koo limekuwa laini kama kioo, njia imemtoka. Na mimi nililamba kikaango! Kila asubuhi nikawa naizunguka nyumba nikitaja vitu, huu mlango, hili jiwe la kuanikia, huyu kuku, nihakikishe bado navijua. Nilimeza miiba makusudi. Mmoja ulinikwama, nusura unipeleke kwa mama yangu.

Mchuuzi wa samaki alikuja na baiskeli kutoka Nkome, tenga nyuma, inzi wakimsindikiza kama kwaya. Bibi akipata chochote alinunua kipande chenye kichwa, na kichwa alikitoa kwanza, akakifunika, kisha akakitundika juu ya moshi. "Atakuja, atakikuta." Mimi sikuweza kusubiri. Nilimwomba bibi tumpelekee, kwa sababu kichwa cha sangara ndicho chenye miiba ya kila namna. Kikimpita kooni lazima akumbuke. Akakishusha kutoka kwenye moshi, akakifunga kwenye gazeti. Tukampa kijana wa bodaboda aliyekuwa akipeleka wachimbaji Bulyanhulu.

Akirudi nilimkimbilia barabarani, mavumbi mekundu mpaka kwenye kope.

"Shikamoo! Ulimpa?"

"Marahaba. Nilimpa."

"Alikula na miiba?"

"Dogo, alikula mpaka macho. Bado kidogo ale na gazeti."

Nikawa nalala nimevaa shati la shule, asije akanikuta mchafu.

Mwaka ule mvua ilitudhulumu. Mahindi yalifika kiunoni yakakaukia hapohapo. Ikafika wakati bibi alikuwa anapata kichwa peke yake, samaki mwenyewe kaenda kwa wengine. Na hicho kichwa, cha pekee ndani ya nyumba, alikichemsha, tukala ugali kwa maji yake, halafu kikaenda kwenye moshi, kikaenda kwenye gazeti, kikaenda Bulyanhulu. Tulikuwa tumekonda kiasi kwamba kuku alituonea huruma akaacha kutudonoa. Macho ya bibi yalikuwa yakikifuata kile kifurushi mpaka pikipiki inapotea.

Kisha mchana mmoja yule kijana akarudi na kifurushi kilekile, gazeti halijafunguliwa. Hakunitania. Alinipita, akamwamkia bibi, wakaenda nyuma ya nyumba wakaongea Kisukuma cha chinichini, kile cha wakubwa. Nilichungulia nikaona bibi ameushika ukuta ulioinama kama kwamba ukuta ndio unaomsimamisha yeye.

Leo pale hapana nyumba. Pamechimbwa, ukisimama unatazama chini kwenye shimo, na juu ya jikoni letu kuna turubai la mtu nisiyemjua. Bibi tumemzika. Jirani alihama na beseni lake, na nasikia hata baiskeli za samaki siku hizi ni chache, sangara anapanda gari. Mjini watoto wangu wanakula minofu, kichwa hawakitaki, wanasema kinawaangalia. Hakuna bakuli lenye mfuniko, na mimi ndiye mwenye nyumba. Naweka mnofu kikaangoni. Simgusi. Namgeuza mara moja tu.

Jioni ile, baada ya kijana kuondoka, bibi alifungua gazeti mwenyewe. Alikiloweka kichwa, akakiunga kwa nyanya na samli ya mwisho, kisha akaomba ile chupa yangu, akaikung'uta mpaka tone la mwisho. Harufu ikajaa nyumba, ileile ya siku ya baba. Akachukua sahani, siyo bakuli, akakiweka kichwa kizima mbele yangu.

Nikaruka. "Bibi, hicho cha baba! Asipokila atapotea kabisa!"

Alikaa kwenye kigoda, akalichambua shavu la samaki kwa vidole, akaninyooshea.

"Kula, ng'wanawane. Samaki hasahaulishi mtu. Baba yako amejenga Kahama, ana mke na watoto. Njia ya kuja hapa anaijua."