Veste nyeusi ya Nyawera

Sijamwambia mtu, hata maman: ile veste nyeusi, koti la heshima, kwenye picha yangu ya profaili si yangu.

Ni ya mpiga picha wa mtaa wa Nyawera. Anamwazima kila mteja, kisha anairudisha kwenye msumari. Kifungo cha juu ni chekundu, vingine vyeusi.

Chini ya picha niliandika: "Mtangazaji wa redio." Nikajiona mbele ya maikrofoni, mji mzima umetulia kunisikiliza.

Leo redio moja imeniita kwa ajili ya staji, mafunzo ya kazi. Nimekwenda na blauzi yangu ya kanisani.

Mkuu wa vipindi, mama mtu mzima, alitazama picha yangu kwenye simu yake, kisha akanitazama mimi.

"Na veste, uliiacha wapi?"

Nikajua staji imekwisha.

Akanigeuzia simu. Ilikuwa picha yake mwenyewe, ya zamani. Veste ileile.

"Ile kifungo nyekundu, ni mimi niliishona," akasema, akicheka polepole. "Kuja lundi, mutoto yangu. Leta tu sauti."

Nimerudi kwa miguu kando ya ziwa, nikinong'ona habari za asubuhi za Jumatatu.

Nianze na salamu gani? Niambieni.

Ila ya veste, tafadhali, ibaki hapa. Kesho kuna msichana mwingine atakayeivaa.