Chai ya Mama Sindano

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja na bomba moja, na baina ya wapangaji wake zilikuwa haziivi hata kidogo. Mshona nguo wa chumba cha kwanza walimpachika jina la Mama Sindano, wala si kwa ajili ya kazi yake tu. Ulimi wake ulichoma. Alikuwa mjane, watoto wako mbali, na miaka kumi na mmoja alikuwa ameishi na majirani hao kwa salamu za kukunjiana uso.

Mwezi uliopita homa ilimwangusha sakafuni kando ya cherehani. Siku mbili alilala pale, akiwasikia watu wakigombania bomba hatua tatu tu kutoka mlangoni pake. Hakuna aliyebisha hodi. Alipopata nguvu ya kutambaa hadi kwenye ndoo ya maji, hasira zilimzidi kiu.

"Nitafia humu," alijisemea, "na watajua kwa harufu."

Hofu hiyo haikumtoka tena. Ndipo akaamua kuwaita wote wanywe chai, maana mtu uliyekunywa naye chai huenda siku moja akakugongea.

Kosa lilikuwa karatasi. Aliandika: "Wapangaji wote, uani, Jumapili saa kumi. Bila kukosa." Akaibandika langoni. Alisahau kwamba langoni pale hapakubandikwa karatasi ila na mwenye nyumba, na kila karatasi ya mwenye nyumba ilimfukuza mtu.

Jumapili walifika wote, wamevaa kama waendao mahakamani. Chai ilikuwa mezani na biskuti zimepangwa vizuri, lakini hakuna aliyegusa.

"Kabla hamjanisingizia," mwalimu wa chumba cha tatu alianza, "maji machafu simwagi mimi. Muulizeni huyu." Akamnyooshea kidole mama wa mapacha.

"Mimi tena? Mwalimu mzima, povu lako linafika mpaka mlangoni kwangu, halafu unanitupia mimi?"

"Jamani, ni chai tu," Mama Sindano alisema.

"Chai gani ya bila kukosa?" Huyo alikuwa mlinzi wa chumba cha pili, anayekesha kazini na kulala mchana, macho mekundu. "Sema, nani kanishtaki?"

Wakaanza kufukuliana makaburi ya miaka. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Hawakuwahi kupanga nyumba ile.

Mama Sindano akaligongesha birika mezani.

"Nilianguka! Siku mbili niko sakafuni, cherehani kimya, na nyie mnapita tu! Nimewaita ili siku nikizidiwa mtu abishe hodi. Basi! Hakuna kesi hapa."

Mlinzi ndiye aliyejibu.

"Kimya nilikisikia. Nikakifurahia. Hilo dude lako linaanza kutetemesha ukuta wangu ndio kwanza navua viatu. Siku mbili zile nililala kama binadamu. Nikasema, Mungu mkubwa, amesafiri."

"Tokeni," Mama Sindano alisema.

Walitoka, mama wa mapacha akiwa na biskuti mbili mkononi. Mwenye chai yake akairudisha birikani kikombe kwa kikombe, akilia kwa hasira, akaapa hatamwalika tena hata paka.

Wiki mbili baadaye aliamka kichwa kinamgonga, akajilaza tena. Jua lilikuwa limeshapanda wakati mlango wake ulipoanza kupigwa mateke.

"Mama Sindano! Uko hai wewe?"

Alifungua. Mlinzi alisimama pale na sare yake ya kazi, vifungo wazi, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

"Niko hai. Unanivunjia mlango wa nini?"

"Tangu saa moja nageuka kitandani, nasikiliza ukuta. Shona basi, nilale!"

Akaondoka akisonya. Mama Sindano naye akamsonya, kwa sauti zaidi, kisha akabaki ameushika mlango. Hakuwa na nguo ya mteja asubuhi ile. Akaokota kitambaa kibovu, akaketi, akakishona kwenda na kurudi mpaka adhuhuri.