Mbwa Katika Kikapu cha Majani Chai

Mbwa wetu wa ng'ombe nilimlea mwenyewe. Nilimtoa kwa jirani akiwa mdogo sana, jike mweusi mwenye kifua cheupe, na watu wakaniuliza mbwa jike ni wa nini. Nikawaambia ngojeni mtaona. Miaka ile ya tisini tulikuwa na ng'ombe watatu na shamba la chai kwenye mteremko, huku Konoin, na singeweza kuchuma majani na kuchunga kwa wakati mmoja. Ng'ombe akiona mahindi ya jirani husahau kabisa kwamba amelelewa vizuri.

Kabla hajamaliza mwaka, yule mbwa alikuwa amejua kazi. Napiga mluzi nikiwa kwenye chai, naye anazunguka nyuma ya ng'ombe kule mtoni, wanapanda mmoja mmoja hadi bomani. Nilijivuna, wacha nisidanganye.

Siku moja mume wangu, mzee wa boma, aliwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, ikabaki kidogo kwenye ndoo. Kwetu dawa haimwagwi. Inayobaki anapakwa mbwa, maana kupe ni kupe, na kila boma lilifanya hivyo. Basi akampaka yote, akamsugua kwa mkono, kwa upendo kabisa. Mbwa mzima angejikung'uta aende zake. Huyu wetu, mtoto bado, alilala juani akajilamba mwili wote.

Niliporudi na kikapu changu cha majani nilimkuta anatokwa na povu, anatetemeka, miguu ya nyuma haimbebi.

"Woi! Umeniulia mbwa!" nilipiga kelele mpaka jirani akatoka.

"Ni dawa ya ng'ombe tu," mzee akasema.

"Kwani huyu ni ng'ombe?"

Tulimwosha kwa sabuni, maji juu ya maji, lakini alizidi kulegea. Hapo mzee akachukua kikapu changu, akamwaga majani yote kwenye nyasi, akamweka mbwa ndani, akajitwika mgongoni. Mwanamume ambaye hata watoto wake hakuwahi kuwabeba mbele ya watu!

Njia ya kwenda kwa daktari wa mifugo, kule Mogogosiek, ilipita kituo cha kupimia majani, na saa ile watu walikuwa wamejaa wakingoja lori. Walipoona kichwa cha mbwa kikining'inia kikapuni, ai, kicheko!

"Mzee, umejifungua lini?" mama mmoja akauliza.

"Leo," akajibu, bila kusimama.

Mimi nilikuwa nyuma yake, hasira yangu yote mkononi, nikashindwa niiweke wapi.

Daktari alimdunga sindano, akatuambia tumweke mahali pa joto na tuombe. Tuliomba. Mbwa akaishi, Mungu ni mwema, ila miguu ya nyuma ilibaki dhaifu. Nilimlisha maziwa lala, yale ya mgando, kidogo kidogo. Jirani akasema mbwa asiyeweza kazi ni mdomo tu wa kulisha, tummalize. Mzee alimtazama jirani hadi akaaga. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma, alimshika kiuno kwa gunia akamtembeza kando ya ua, na akiona mtu anapita hakumwachilia.

Jioni moja nilipiga mluzi kwa mazoea tu, nikijua ni mimi nitakayeteremka mtoni. Nikaona kitu cheusi kinashuka kwa upande upande, kinaanguka, kinainuka. Nilisimama pale kwenye chai nikilia. Baadaye ng'ombe wote watatu wakapanda, polepole, na yeye nyuma yao.

Alinipita mimi niliyemlea. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee, akalala juu ya viatu vyake vya gambuti. Mzee akainama, mbele ya jirani na watoto, akamwambia, "Pole, mama. Pole sana."

Tangu anioe sikuwa nimelisikia neno hilo la pole kinywani mwake. Halikuwa langu, lakini nilichukua kidogo, na nikashukuru.