Ndagala Katika Kibuyu cha Maziwa

Ukitoka Mulongwe kando ya ziwa kwenda Bijombo milimani unapanda tu, na mwaka ule wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, nilipanda nikinung'unika. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, miguu yangu ilizoea mchanga. Mama alibeba kichwani furushi la ndagala, samaki wadogo ambao baba aliwavua na kuwaanika mwenyewe. Baba alibaki kulinda nyumba na nyavu.

"Mutangulie," alituambia. "Minye nitakuja nyuma yenu."

Kwa siku mbili tulipita kwenye ukungu na majani marefu, ng'ombe wakitutazama bila haraka. Kwetu kulikuwa na mto na kelele za sokoni. Kule nilisikia mama akihema, basi. Niliuchukia ukimya ule. Leo ningetoa chochote niusikie tena, kwa kuwa siku zile baba alikuwa bado yuko nyumbani.

Mama mmoja mfugaji alitupokea nyumbani kwake, akatupa kibuyu cha maziwa. Tulikunywa mpaka tukaona haya. Sisi watu wa ziwani haturudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu, kwa hiyo mama yangu alikiosha, akakijaza ndagala wote waliosalia, akampa mwenyeji wetu kwa mikono miwili, amejaa fahari.

Yule mama alinusa. Kisha akakifunika na kukirudisha taratibu.

"Mama, usikasirike. Hatuwekake samaki mu kibuyu ya maziwa. Sasa iko yenu."

Mama alitahayari hata ndagala wenyewe hawakumpita kooni. Alikitundika kibuyu ukutani. "Baba yako akifika, atakula yeye," alisema, akicheka ili asilie. Kila siku alikwenda kuitazama ile njia tuliyopandia.

Mambo yalipotulia tukashuka. Nyumba ilikuwepo, nyavu zilikuwepo. Majirani walisema baba aliondoka siku tatu baada yetu, akitufuata.

Mama alishafariki, nami ndiye mwenye kibuyu. Kama yule mama mfugaji angeipokea zawadi yetu, ndagala wangeliwa siku ileile, na leo nisingekuwa na kitu kilichopita mikononi mwa baba. Wamebaki vumbi, lakini nikifungua kifuniko harufu inatoka. Wajukuu wananiomba nikioshe, eti nyumba nzima inanuka samaki. Nawaambia wangoje. Baba alisema anakuja nyuma yetu, na mama alishamwekea chakula.