Fundi Anayeuliza kwa Sauti

Fundi wetu wa kompyuta hana haraka. Kwanza hulaza kiganja juu ya mashine, kama anayempima mtoto homa, ndipo afungue orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini. Hafungi hata moja bila kuuliza, tena kwa sauti inayofika mpaka mapokezi: “Dada, huyu unamjua? Tumtoe?” Jana alikaa kwenye meza ya katibu muhtasi, ambaye bosi alikuwa akimsema mwezi mzima kwa kuchelewesha barua, naye akijitetea kwamba kompyuta yake inakwama. Bosi mwenyewe alisimama nyuma yao. Fundi akashusha miwani, akasoma mara mbili, akageuka. “Mzee, huyu anayeipiga picha skrini ya dada kila baada ya sekunde tano na kukutumia wewe, tumtoe?” Ofisi nzima ikaacha kuchapa. Bosi akakohoa. Fundi akasubiri, kidole juu ya kipanya, hana haraka.